Tanzia kwa simu: shajara ya mradi ndani ya gazeti

Wiki ya 1, Jumatatu

Leo uongozi umeridhia. Tumepewa wiki 16, watu watatu, chumba kilichokuwa stoo ya magazeti ya zamani, na fedha za kutosha kompyuta moja mpya na vifurushi vya intaneti. Kazi yenyewe nimeiandika ubaoni kwa sentensi moja: familia iliyofiwa, popote ilipo nchini, iweze kuweka tangazo la tanzia katika gazeti letu bila mtu kupanda basi kuja Dar es Salaam wala kupanga foleni.

Nina miaka 14 katika kampuni hii. Sita ya mwanzo nilikuwa mpangaji wa matangazo, na kurasa za tanzia zilikuwa zangu. Ninaandika shajara hii kwa ajili ya wenzangu walioajiriwa katika magazeti na redio kongwe ambao nao wana wazo kichwani na hawajui waligonge kwenye mlango wa nani. Walioanzisha kampuni zao wenyewe wameandikiwa mengi. Sisi tunaotaka kujenga kitu kipya ndani ya nyumba ya zamani tumeandikiwa machache.

Wengi wameniuliza kwa nini tanzia, kwa nini si programu ya habari au video. Jibu langu ni hili. Habari ya leo msomaji ameshaipata kwenye simu kabla hatujafunga kurasa, na hatuna cha kumuuzia hapo ambacho hajapewa bure na mwingine. Tanzia ni tofauti. Familia inapoleta tangazo gazetini inataka jina la mzee wao lisimame mahali penye heshima, likiwa na picha, ukoo, na siku ya maziko, na ukurasa ule ukatwe kwa mkasi na kuhifadhiwa. Nimeona kurasa zetu ndani ya Biblia, ndani ya fremu ukutani, chini ya kioo cha meza ya sebuleni. Kundi la WhatsApp la familia linasambaza taarifa ya msiba kwa dakika mbili, lakini hakuna anayeweka kundi la WhatsApp kwenye fremu.

Wiki ya 1, Alhamisi

Kabla kijana wetu wa programu hajaandika chochote, nimemwomba akae kaunta siku mbili, kimya, atazame tu. Nimekaa naye.

Saa tatu asubuhi aliingia kijana aliyesafiri usiku kucha kutoka Njombe. Alikuwa na daftari la shule lililokunjwa, na katikati yake picha ya pasipoti ya baba yake. Mama wa kaunta, ambaye ofisi nzima tunamwita Mama, alisimama kumpokea.

“Pole sana mwanangu. Marehemu ni nani yako?”

“Baba mzazi, Mama.”

“Pole. Kaa kwanza, unywe maji. Umekula?”

Kisha akalisoma daftari taratibu, kidole kikifuata mstari. Alipofika katikati alisita. “Hapa umeandika ameacha watoto sita. Majina ni matano.” Kijana alitazama chini. Mama hakumwuliza swali la pili. Alisukuma simu ya mezani kuelekea kwake na kusema, “Mpigie shangazi yako, mzungumze. Mimi nahudumia mwingine, utanikuta.”

Baada ya robo saa jina la sita lilikuwa limeandikwa.

Nilimgeukia kijana wa programu. Alikuwa ameacha kutazama simu yake. Aliniambia, “Dada, fomu yangu ingeandika watoto sita na kuweka majina matano, na ingepita.” Tangu saa ile mradi ulibadilika. Tulikuwa tumepanga kuiondoa kaunta. Sasa tunataka kuirefusha mpaka ifike Njombe.

Wiki ya 2

Wiki ya kusoma yaliyowapata wengine. Uongozi uliniomba mifano, na nimechagua michache ninayoona inatuhusu kweli.

Wa kwanza ni wa bara letu. Naspers ya Afrika Kusini ilianzishwa 1915 kama kampuni ya magazeti ya Kiafrikaans, na kwa miongo mingi ilikuwa sauti ya watawala wa ubaguzi wa rangi. Miaka ya 1980 kijana mmoja, Koos Bekker, akisoma New York, aliona televisheni ya kulipia na kuipeleka kama wazo kwa Ton Vosloo aliyekuwa akiiongoza Naspers. M-Net ikaanza kurusha matangazo mwaka 1986, na magazeti yakiwa wanahisa. Mwaka 2001 kampuni hiyohiyo ikaweka zaidi ya dola milioni 30 katika kampuni changa ya Kichina iitwayo Tencent, na hisa zile zikaja kuwa na thamani kubwa kuliko magazeti yake yote. Kila mtu husimulia sehemu ya Tencent. Mimi nimebaki na ile ya M-Net: mtu wa nje alileta wazo, mkubwa wa ndani akalipokea, na halikuingizwa chini ya meneja wa magazeti. Lilipewa kampuni yake.

Wa pili ni Norway. Schibsted, wenye gazeti la Aftenposten, walitazama matangazo madogo ya nyumba, magari na kazi, wakaona yatahamia mtandaoni wakitaka wasitake. Mwaka 2000, wakishirikiana na magazeti ya mikoa, wakaanzisha FINN, tovuti ya matangazo madogo, na kuiacha ishindane na kurasa zao wenyewe. Marekani magazeti mengi yalisitasita, na Craigslist, iliyoanza 1995 kama orodha ya barua pepe ya mtu mmoja huko San Francisco, ikayachukua matangazo madogo ikiyatoa karibu yote bila malipo. Nimewaeleza mameneja wetu jambo hili mara tatu sasa. Ukurasa wa tanzia una wateja leo kwa sababu hakuna mwingine aliyeufanya vizuri kwenye simu. Siku atakapotokea, hatatuomba ruhusa.

Wa tatu ni The New York Times. Mwezi Mei 2014 ripoti yao ya ndani kuhusu ubunifu ilivuja, na wengi tuliisoma. Ilikiri wazi kwamba chumba cha habari kilikuwa bado kinafikiri kwa saa za gazeti la karatasi. Lakini kilichonivutia zaidi ni fumbo la maneno. Walianza kulichapisha Februari 1942, wakati wa vita, kama burudani katika jarida lao la Jumapili. Miaka mingi baadaye mafumbo yakawa na programu yake na waliojiandikisha wake, na Januari 2022 wakanunua Wordle, mchezo wa simu wa kukisia neno. Kumbe kitu kilichokaa nyuma ya gazeti miaka 80, ambacho hakuna mhariri aliyekigombea, ndicho kilichobeba watu kuwaleta mlangoni. Tanzia nasi ziko kurasa za nyuma.

Na kwa tanzia zenyewe, Legacy.com ya Marekani imekuwepo tangu 1998 ikihifadhi tanzia za magazeti mengi mtandaoni. Inafaa kujua, ila mazingira yetu ni mengine: kule tanzia husimulia maisha ya marehemu, hapa familia inautaja ukoo wote kwa mpangilio, na mpangilio ukikosewa kuna shangazi atakayepiga simu.

Wiki ya 3

Tumejaribu menyu ya USSD, zile za kupiga nyota na reli. Sababu ilikuwa nzuri: inafanya kazi kwenye simu ya batani, haihitaji kifurushi, na kila Mtanzania anaijua kwa sababu ya kutuma pesa.

Imeshindikana. Skrini moja ya USSD inabeba herufi 182, nafasi na nukta zikihesabiwa. Nilichukua tanzia ya kawaida kutoka gazeti la Jumanne. Maneno ya kufungua tu, “Familia ya Mzee fulani wa kijiji fulani inasikitika kutangaza kifo cha mpendwa wao,” pamoja na majina matatu ya marehemu na mahali alipofia, yalijaza skrini ya kwanza. Ukoo haujaanza. Juu ya hapo mteja akisita kidogo kutafuta jina, kipindi kinakatika na anaanza upya. Mtu aliyefiwa haanzi upya mara nne. Na picha je?

Tumeibakiza USSD kwa jambo moja: kumwezesha mtu asiye na simujanja kuacha namba yake, kisha Mama ampigie na kuandika tangazo kwa kumsikiliza. Mengine yote tunayahamishia WhatsApp.

Wiki ya 4

Nimejifunza jambo kutoka kwa fundi mkuu wa mtambo ambalo lingeweza kunipita mradi mzima.

Tangu niajiriwe, tanzia hupokelewa mwisho saa kumi alasiri. Nilidhani ni sheria ya uhasibu. Uhasibu walidhani ni ya usanifu wa kurasa. Usanifu wakasema ni ya mtambo. Nikashuka chini kwa fundi mkuu, nikamwamkia, nikamwuliza kwa nini saa kumi.

“Nani kasema saa kumi? Mimi nataka pleti za kurasa za rangi mapema, kwa sababu toleo la mikoani linatangulia kuchapwa ili liwahi magari. Tanzia wameziweka kwenye karatasi moja na tangazo la rangi. Zihamishieni kurasa za nyeusi na nyeupe, mniletee saa moja usiku.”

Saa tatu nzima. Hatujaandika msimbo hata mstari mmoja, na familia imepata saa tatu zaidi za kukubaliana majina. Ukurasa ulihamishwa miaka mingi iliyopita kwa sababu ya mteja mmoja mkubwa wa rangi aliyeshaacha kutangaza kwetu, na saa kumi ikabaki. Nimeandika kwenye ubao: kila kizuizi, tafuta aliyekiweka na umwulize kama bado anakihitaji.

Wiki ya 5

Tumetembelea misiba na familia zilizowahi kutangaza kwetu. Temeke nilikaribishwa barazani na mzee mmoja aliyewahi kuleta tangazo la mkewe. Nilimweleza kwa furaha kwamba sasa tanzia ikitufikia kabla ya saa moja usiku itatoka kesho yake.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwa upole, “Mwanangu, sisi tumeshazika kabla gazeti lenu halijapata wino.”

Nilitulia. Muislamu akifariki alfajiri, mara nyingi anazikwa adhuhuri au alasiri siku ileile. Tangazo la kesho halimleti mtu kwenye maziko. Nilimwuliza alikuja kutangaza nini, basi. “Khitma ya arobaini. Watu wa Tanga, wa Lindi, wa Unguja, wote wapate habari wajipange.”

Nilirudi ofisini tukachambua kabrasha za miaka mitatu nyuma. Ilikuwa mbele ya macho yetu siku zote. Ukurasa wote tunauita “tanzia”, na bei, fomu na mafunzo yetu yote yanazungumzia mtu aliyefariki jana. Lakini ndani yake kuna tanzia, kuna khitma za arobaini, kuna kumbukumbu za mwaka mmoja, mitano, kumi, na kuna shukrani, ambazo kwa familia nyingi za mikoani ndilo tangazo kubwa kuliko yote, kwa sababu ndani yake wanatajwa majirani, kanisa, madaktari na kamati ya mazishi. Haya matatu ya mwisho yana tarehe zinazojulikana mapema, hayana haraka, na hakuna aliyewahi kumwuliza mteja kama angependa kukumbushwa.

Sasa mfumo unauliza mara moja tu, siku ya tatu baada ya maziko: “Je, mngependa tuwakumbushe arobaini au kumbukumbu ya mwaka?” Jibu likiwa hapana, au kukiwa kimya, hatuulizi tena. Kijana wa programu alitaka ukumbusho wa pili. Nimekataa. Simu ya mfiwa haistahili kusumbuliwa.

Wiki ya 6

Wiki ngumu kuliko zote, na haikuhusu teknolojia.

Malipo yenyewe ni rahisi. Tangu M-Pesa ilipoingia Tanzania mwaka 2008, na mitandao mingine ikafuata, watu wamezoea. Tuna lipa namba, mteja analipa, ujumbe unaingia. Ugumu wa kwanza ulikuwa risiti: kila mauzo yanataka risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kodi ya kielektroniki, na mashine yetu ya EFD inakaa kaunta na kulala saa kumi na moja. Tumehamia mfumo wa VFD unaotoa risiti bila mashine ya mezani, na mteja wa Njombe anapokea risiti yake halali palepale kwenye simu.

Ugumu wa pili ni swali ambalo mhasibu mkuu aliliuliza kwa haki kabisa: pesa hizi ziandikwe kwenye kitabu cha nani?

Zikiandikwa idara ya matangazo, mradi wetu hauna mapato, na mwisho wa wiki 16 utaonekana gharama tupu. Zikiandikwa kwetu, idara ya matangazo itaonekana imeshuka, na meneja wake atahojiwa mbele ya bodi kwa kosa ambalo si lake. Na chini yao wote kuna maofisa wa mauzo wanaolipwa kamisheni kwa kila tangazo la kaunta. Mmoja wao, mama wa watoto watatu, alinifuata ngazini akaniambia, “Dada, wewe unajenga kitu kizuri. Lakini kila anayetuma kwa simu ni ada ya mwanangu inayopita juu ya kichwa changu.” Sikuwa na jibu. Nilirudi chumbani nikakaa na maneno yale mpaka jioni.

Ninaamini hapa ndipo miradi mingi ya ubunifu hufia katika vyombo vya habari vikongwe. Haifi kwa kukosa wataalamu. Inakufa kwa sababu kampuni imejenga mishahara, kamisheni na heshima za watu juu ya njia ya zamani, halafu inawaomba watu haohao waisaidie njia mpya kwa moyo mweupe. Mtu akipinga, tunasema anaogopa mabadiliko, wakati anachofanya ni hesabu, na hesabu yake ni sahihi.

Tulikaa siku tatu, mhasibu mkuu, meneja wa matangazo na mimi. Tumekubaliana hivi: kila tangazo la simu lazima lithibitishwe na ofisa aliye hai kwa kuwapigia wafiwa, na ofisa huyo analipwa kamisheni ileile ya kaunta. Mapato yanaandikwa mara mbili katika taarifa za ndani, mara moja kwa idara na mara moja kwa mradi, kwa maelezo ya wazi kwamba ni fedha moja. Mhasibu mkuu hakuipenda hata kidogo, na ninamshukuru kwa kuikubali kwa muda wa majaribio.

Wiki ya 7

Uthibitisho. Kaunta humwona mtu usoni, simu haioni. Hofu yetu kubwa ni mtu kutangaza kifo cha aliye hai, kwa chuki au kwa utapeli. Utaratibu: picha ya kibali cha mazishi au barua ya serikali ya mtaa, kisha simu kwa ndugu wawili wenye namba tofauti, na mmoja wao asiwe aliyetuma tangazo.

Tumekataa pia kuweka namba ya kupokea michango ya msiba ndani ya tangazo. Wateja wanaiomba sana na ninaelewa kwa nini, maana msiba ni gharama. Lakini jina la gazeti likikaa karibu na namba ya pesa, msomaji atadhani tumeihakikisha, na hatuwezi kuihakikisha.

Mwanasheria wetu amepitia fomu kwa kufuata Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Namba za ndugu tunazopigia zinafutwa baada ya tangazo kutoka, isipokuwa ya yule aliyekubali ukumbusho.

Wiki ya 8

Tumefungua kwa mikoa miwili, Njombe na Tanga. Matangazo manne, yote sahihi.

Wiki ya 9

Tumekosea, na nitaandika kila kitu.

Jumatano familia moja ilituma tangazo la kumbukumbu ya mwaka mmoja wa kaka yao. Aliyetuma alituma picha mbili: ya marehemu, na yake mwenyewe akiwa ameshika kitambulisho, kwa kuwa ofisa alimwomba ajitambulishe. Mfumo ulichukua picha ya mwisho iliyopokelewa kutoka namba ile. Msanifu wa kurasa hakuwajua. Walifanana, kwa sababu ni ndugu. Alhamisi asubuhi gazeti likatoka na picha ya aliye hai juu ya maneno “umetutoka lakini tunakukumbuka”.

Simu ya kwanza iliingia kabla ya saa moja asubuhi. Mama yao mzazi alikuwa ameonyeshwa ukurasa na jirani.

Nilienda mwenyewe, pamoja na Mama wa kaunta. Mama alikaa mkekani kando ya yule mzazi, hakusema mengi, alimshika mkono. Mimi niliomba radhi bila kutaja mfumo, kwa sababu mfumo haumhusu. Tulirudisha fedha, tukachapisha tangazo sahihi Ijumaa katika nafasi kubwa zaidi, na maneno ya kuomba radhi yakiwa na herufi za ukubwa uleule wa tangazo.

Chanzo kilikuwa changu. Prufu, yaani nakala ya kuhakiki kabla ya kuchapa, tuliitengeneza ya maneno tu. Familia ilisoma majina yote na kukubali, lakini haikuonyeshwa ukurasa ukiwa na picha. Kaunta Mama humgeuzia mteja skrini nzima na kusema, “Tazama vizuri, huyu ndiye?” Tulimtazama akifanya hivyo siku mbili na hatukuliandika. Sasa picha ya kitambulisho inapokelewa kwa njia yake peke yake, na hakuna tangazo linalokwenda kwa msanifu mpaka familia itumiwe picha ya tangazo kamili na ijibu kwa maneno, si kwa kubonyeza: “Ndiye.”

Wiki ya 11

Mjadala na wahariri. Tangazo likithibitishwa saa sita mchana, je, lionekane kwenye ukurasa wetu wa simu palepale, au lisubiri gazeti la kesho? Mhariri mmoja ninayemheshimu sana, aliyenifundisha kazi, alisema tukiliweka mapema tunamwondolea mtu sababu ya kununua gazeti.

Nilimjibu kwa mfano wa mzee wa Temeke. Kwa familia zinazozika siku ileile, ukurasa wa simu ndiyo nafasi pekee tuliyonayo ya kuwafaa kabla ya maziko. Na anayelinunua gazeti la kesho hanunui taarifa, ameshaipata kwa simu za usiku. Ananunua karatasi ya kuhifadhi. Norway waliamua kushindana na kurasa zao kabla ya mwingine kufanya hivyo, na sisi tunaweza.

Tumeafikiana: simu mara moja, gazeti kesho, na familia inapata picha ya ukurasa uliochapwa. Mhariri aliomba jambo moja, kwamba lugha ya tangazo la simu isipunguzwe hata neno. Nimekubali kwa furaha.

Wiki ya 13

Redio ya kampuni yetu imeomba kuingia. Wazazi wetu walikua na matangazo ya vifo ya Radio Tanzania Dar es Salaam; nyumba nzima ilinyamaza, mtu akisogea karibu na spika kusikia kama kijiji chake kitatajwa. Ilikuwa huduma iliyounganisha nchi kabla ya simu kufika vijijini. Tutajaribu dakika chache jioni, tanzia za siku hiyo tu, kwa familia zilizokubali. Mtangazaji amekuja kwa Mama kujifunza kutamka majina ya Kihehe na Kinyakyusa.

Wiki ya 16, Ijumaa

Bodi imekutana. Tumeongezewa miezi sita na, jambo nililolililia tangu mwanzo, kitabu chetu cha hesabu. Mhasibu mkuu ndiye aliyekipendekeza. Alisema kuandika fedha moja mara mbili kumemchosha. Kamisheni za maofisa zinabaki. Tumekataliwa gari na tumekataliwa mtu wa nne. Tutaongeza Mbeya, Ruvuma na Lindi, si nchi nzima, kwa kuwa uthibitisho unafanywa na watu na watu tunao wachache. Mama anastaafu mwakani. Kuanzia Jumatatu vijana wawili watakaa naye kaunta kila siku, na kila swali analomwuliza mteja litaandikwa, pamoja na yale anayoyaacha bila kuuliza.

Sasa ni saa kumi na mbili na dakika arobaini jioni. Imeingia tanzia kutoka Makete, mkoani Njombe. Picha imepigwa ikiwa ukutani, na kioo cha fremu kimeakisi mwanga wa taa hadi uso wa bibi hauonekani. Mama ameshika simu, anaongea na mjukuu aliyetuma: “Itoe kwenye fremu, baba. Taratibu, usiichane. Haya, isogeze mlangoni penye mwanga. Mimi nakusubiri.”

Tunafunga saa moja.